Mwali na Karatasi ya Bonde

Karatasi ilifika Mlangano siku ya mvua, ndani ya bati tupu la biskuti, ikapokewa kwa mikono miwili kama mgeni wa heshima. Aliyeileta ni Mwalimu Hatibu, mtu wa pwani aliyefundisha watoto kwenye shule ya bondeni. Alisimama barazani kwa Mwinjuma, mkuu wa ukoo, akaifungua na kuisoma upesiupesi, huku maji yakichuruzika kutoka kwenye nyasi za paa na wazee wakimkazia macho.

"Ni mambo ya shule," alisema alipomaliza. "Kesho Bwana Miwani anakuja na akida. Wazee sita mtatia alama zenu hapa chini, basi."

"Shule inataka nini tena?" aliuliza Mzee Dadi. "Tumekata nguzo, tumekandika udongo, na wewe tumekulisha miaka mitatu, leo kwa huyu kesho kwa yule, mpaka shingo imenona kama ya fahali. Bado ina njaa?"

Wazee wakacheka. Dadi alikuwa mtani wa ukoo ule, na mtani hana mpaka wa maneno. Lakini Hatibu aliirudisha karatasi ndani ya bati. Siku nyingine angemrudishia mbili kwa moja.

Siku ile zamu ya kumpikia mwalimu ilikuwa ya Mwaisha, dada mkubwa wa Mwinjuma. Alitoka jikoni na wali wa mpunga mpya, kuku amelala juu, akauweka mbele yake.

"Ahsante, mama. Leo nimeshiba."

"Umeshiba wapi, mwanangu, na zamu ni yangu?"

"Tumbo haliko sawa." Hatibu alikuwa ameshasimama. Akalisukuma lile bati kwa Mwinjuma. "Kaeni nayo mpaka kesho. Mvua isije ikailowesha njiani."

Akateremka. Mwaisha akabaki na sahani yake, akiangalia mgongo wa mwalimu ukipotea migombani. Mvua ilikuwa imekatika. Hata matone hayakuwapo.

"Mwinjuma," alisema, "mtu uliyemlisha miaka mitatu akikataa chakula chako, muulize amekufanyia nini."

"Dada, mtu kaumwa tumbo."

"Tumbo haliumi kwa kusoma. Isomwe tena hiyo karatasi."

"Isomwe na nani?"

Kila mtu pale alijua ni nani, na kila mtu alijua pia kwamba haiwezekani.

Bwana Miwani, yule mzungu wa miti ya mpira, alipokuja kuomba mahali pa shule, alitaka kila nyumba itoe mtoto wa kiume. Watu wakaogopa. Walikuwa wameona vijana wakisombwa kubeba mizigo ya wazungu wasirudi. Basi wenye watoto wao wakawaficha, wakatoa wale wasio na mtu: mayatima, mtoto wa kambo, kiwete wa kwa Yunusi, mtoto wa dada aliyekufa. Mwaisha hakuwa na mvulana nyumbani. Alikuwa na Pili tu, mtoto wa binti yake marehemu, akampeleka huyohuyo, na Bwana Miwani akahesabu vichwa bila kuangalia nguo. Watoto kumi na tisa wasiotakiwa wakakaa kwenye magogo kujifunza herufi. Kati yao aliyeshika kusoma kwelikweli, mpaka mwalimu akawa anamwachia darasa akienda kuvuta tumbaku yake, ni Pili.

Na sasa Pili alikuwa mwali. Mwezi wa pili huu alikuwa amewekwa ndani, kwenye chumba cha nyuma cha bibi yake, hajaona jua. Mwali haonwi na wanaume wala hasikiki sauti, mpaka siku atakapotolewa na ngoma.

"Sauti yake haitasikika," alisema Mwaisha. "Ataninong'oneza mimi, mimi nitawaambia."

"Dada, unajua unachokisema?"

"Nakijua. Ninyi kaeni nje, mgongo ukutani."

*

Hidaya, kungwi wa Pili, alisimama mlangoni na kuziba njia kwa mikono.

"Humu haliingii jambo la wanaume, Mwaisha. Leo umekuwa mtoto? Mwali akiwasemea wanaume anaharibika tumbo. Hatazaa. Nani atamlilia?"

"Sitaki aseme na wanaume. Aseme na mimi."

"Na wao watasikiliza wapi, juu ya mti?"

"Hidaya, shamba lako liko wapi?"

"Unalijua. Bondeni."

"Na langu liko bondeni. Na kaburi la mama yangu liko bondeni. Nipishe."

Hidaya akampisha, lakini akavua shanga alizovaa kama kungwi, akaziweka juu ya kizingiti. "Mimi simo," akasema, akaenda zake. Mwaisha akazipita zile shanga bila kuziangalia, maana angeziangalia angerudi.

Ndani mlikuwa na giza na harufu ya mafuta ya nyonyo. Pili alikuwa amekaa kwenye mkeka, kaniki mpaka kichwani. Kwenye kiambaza cha nyuma kulikuwa na ufa mwembamba kama unyasi, na jua la alasiri lililotoka baada ya mvua lilipenya hapo likachora mstari sakafuni. Nje wazee sita walikuwa wamekaa chini, migongo imeegemea udongo. Mwinjuma alikohoa, ishara kwamba wako tayari.

"Bibi, hii ndiyo kazi ya mwalimu," alinong'ona Pili alipoiona karatasi. "Huu mwandiko wake."

"Soma polepole. Neno moja ukimaliza, nipe."

Pili akaisogeza karatasi kwenye ule mstari wa jua, ikawa inasomeka kidogo kidogo, kama mtu anayechungulia kwa jicho moja. Akanong'ona. Mwaisha akapokea, akapaza sauti kwa ukuta.

"*Sisi wazee wa Mlangano,*" alisema Mwaisha.

"Ndio sisi," alisema Dadi kule nje. "Mpaka hapo haijadanganya."

"*Tunakubali ya kuwa bonde lote, tangu kijito cha juu mpaka njia ya Mkuyuni...*" Mwaisha akasita. Alisikia mnong'ono, akamgeukia mjukuu wake. "Nini?"

"*Tumemuuzia,* bibi."

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia. *Tumemuuzia.*"

Mwaisha akalitoa lile neno. Lilitoka kavu.

"Nani kauza?" ilikuwa sauti ya Yunusi. "Tulimpa mahali pa kukaa. Mgeni hapewi ardhi, anaazimwa. Na ngoto analeta kila mwaka, mbuzi na nguo. Mtu anayeleta ngoto amekiri kwamba ardhi si yake. Hata mtoto anajua."

"Acheni asome," alisema Mwinjuma.

Pili akaendelea, na kila neno lililokuja Mwaisha alilipokea kama mtu anayepokezwa kaa la moto na hana pa kuliweka ila kulirusha. "*Thamani yake tumeipokea mara tatu. Mwaka wa kwanza jora la kaniki na mbuzi. Mwaka wa pili mbuzi na mfuko wa chumvi. Mwaka wa tatu jora na mbuzi...*"

Akanyamaza. Pili alikuwa amenong'ona maneno mengine, na Mwaisha alikuwa ameyasikia vizuri.

Alifumba macho. Mwaka ule wa tatu Bwana Miwani alichelewa kuleta ngoto, mwezi ukapita, wa pili ukapita. Mwinjuma alivaa kanzu yake ya Iddi, akateremka mpaka shambani kwa mzungu, akasimama kwenye ngazi mbele ya watumishi, akadai. Alirudi na jora begani na mbuzi kwenye kamba, kijiji kizima kikamshangilia. Alisema: leo nimemfundisha mzungu adabu ya ardhi. Watu waliimba jina lake siku mbili.

"Dada," aliita Mwinjuma nje. "Mbona kimya?"

Ilitosha kuyaruka maneno hayo. Nani angejua? Mwaisha alimtazama Pili, na Pili alikuwa amenyanyua uso kutoka kwenye ule mstari wa jua, anamngoja aone atafanya nini.

"*Tena kwa kuja kuidai sisi wenyewe,*" alisema Mwaisha.

Hata Dadi hakuwa na utani. Mwaisha aliendelea mpaka mwisho: kwamba hawadai zaidi, kwamba baada ya mavuno ya maharage wataondoa nyumba zote zilizo chini ya kijito, kwamba shule na miti ya mpira ni mali ya Bwana, na kwamba alama zao ndizo ushahidi kwa wazungu wa kupima mashamba waliopiga hema Kingolwira.

"Soma tena," alisema Mwinjuma. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

Wakaisoma tena. Mwinjuma akataka tena. Mara ya nne jua likaondoka kwenye ufa, Pili asione kitu, na hapo Mwaisha alikuwa hahitaji tena kunong'onezwa.

*

Asubuhi meza ililetwa juu ya kichwa cha mpagazi, ikawekwa uwanjani, ikafunikwa kitambaa. Bwana Miwani akakaa nyuma yake. Alikuwa mzungu mwembamba, mpole wa sauti, ambaye hajawahi kumpiga mtu kwa mkono wake. Kando yake akida, mtu mnene wa Bagamoyo, na askari wawili. Hatibu alisimama na wino.

"Wazee, karibuni," alisema akida. "Kazi fupi, kila mtu arudi shambani kwake."

"Lipi?" aliuliza Dadi.

"Lipi nini?"

"Shamba. Nauliza nisije nikapotea njia."

Askari mmoja alicheka, akida akamtazama, akaacha. Mwinjuma akasimama. Hakuwa amelala, macho yalikuwa mekundu.

"Akida, hatutii alama. Hii karatasi inasema tumeuza. Hatukuuza. Tulimwazima Bwana mahali pa shule na pa miche yake, akawa anatupa ngoto kwa desturi."

"Nani kakwambia inasema hivyo?"

Mwinjuma akafungua kinywa, akakifunga. Kusema mwali kasoma ni kumtoa mtoto uchi mbele ya watu. Akida akatabasamu, akawageukia wote.

"Mmeota? Au karatasi imeota mdomo? Mwalimu, wewe uliwasomea hivyo?"

"Hapana," alisema Hatibu, akitazama wino wake.

"Basi nani?"

"Mimi," alisema Mwaisha.

Akapita kati ya wanaume mpaka kwenye meza. Wanawake waliokuwa migombani walitoa sauti ya mshangao, wakaikata. Akida alimwangalia toka miguuni, matope yamekauka kwenye visigino, mpaka kwenye kilemba cha kaniki.

"Bibi anajua kusoma. Ala. Umesoma chuo gani, bibi? Cha mama mkwe?"

"Nipe nisome."

Watu wa akida walikuwa wameanza kucheka, na hata wengine wa Mlangano walitazama chini kwa aibu. Akida akachukua karatasi kutoka kwenye bati, akampa kwa makusudi kichwa chini, miguu juu. Mwaisha hakujua. Aliishika vilevile alivyopewa, mbele kidogo ya kifua, kama alivyowaona watoto wa shule.

"Ehe, soma, bibi. Tunasikia. Imegeuka lakini usijali, labda bibi anasoma kwa kuanzia miguuni."

Kicheko kikapanda. Mwaisha alingoja kipungue. Kisha akaanza.

"*Sisi wazee wa Mlangano tunakubali ya kuwa bonde lote, tangu kijito cha juu mpaka njia ya Mkuyuni, tumemuuzia...*"

Hakuharakisha, wala macho yake hayakuwa kwenye karatasi. Alipofika kwenye jora la mwaka wa kwanza kicheko kilikuwa kimeisha. Alipofika kwenye chumvi, Hatibu alikuwa ameweka chupa ya wino chini. Neno halikuzidi wala halikupungua. Alimaliza, akairudisha mezani, kichwa chini vilevile.

Bwana Miwani alivua miwani yake, akaifuta kwa leso.

"Mwalimu," alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "mama huyu amesoma sawa?"

"Sawa, Bwana."

"Vizuri. Basi wameelimika. Shule imemaliza kazi yake." Akavaa miwani. "Leo unaifunga. Nyumba ile itafaa kukaushia mpira."

"Bwana, na watoto?" aliuliza Yunusi. Mtoto wake kiwete alikuwa ameanza kujua kuhesabu.

"Watoto watagema. Mikono midogo hugema vizuri."

Kisha akasema jambo na akida kwa sauti ndogo, na akida akamwambia Hatibu: "Andika majina sita. Mbele ya kila jina piga mistari miwili iliyokatana."

Hatibu aliiacha kalamu mezani.

"Mwalimu, husikii? Hawa watu wanajua kuandika? Hawajui. Alama ya asiyejua kuandika ni mistari miwili. Mkono wa nani umeichora, Mungu ndiye ajuaye."

Watu wote wa Mlangano walisimama pale wakamtazama Hatibu akiinama mezani. Majina yalipokwisha, kalamu ilikwaruza mara kumi na mbili. Mwinjuma aliliona jina lake bila kulijua, akaona tu mkono wa mwalimu ukishuka, ukikata, ukishuka tena.

"Ni uongo huo," alisema. "Akida, ni uongo."

"Uongo? Basi wewe mkweli utatusaidia." Akida akainuka, askari wakakusanya kitambaa na wino. "Mpagazi amechoka. Beba hiyo meza mpaka shambani."

Mkuu wa ukoo wa Mlangano akabeba meza kichwani mbele ya wake zake na wajomba zake. Miguu ya meza ilielekea juu. Hakuna aliyeweza kumsaidia, na hakuna aliyeondoka, kwa kuwa kuondoka kungekuwa ni kumwonyesha kwamba wameona.

*

Hatibu alipita kwa Mwaisha siku ya tatu, mzigo wake begani, anarudi kwao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kula?"

Alisimama bila kukaa. Mwaisha hakumkaribisha kigoda.

"Kuandika nililipwa, mama. Na kufundisha nililipwa. Mkono ni mmoja."

"Na ile karatasi mbona uliiacha? Mvua ilikuwa imekatika."

Hatibu aliutazama ukuta wa chumba cha nyuma. "Yule mtoto," alisema, "hata ningekaa pwani nisingepata mwingine kama yeye."

"Sikukuuliza hilo."

Hatibu akafungua mzigo, akatoa daftari la mahudhurio, akachana karatasi mbili safi za nyuma, akaziweka juu ya kinu pamoja na kipande cha kalamu ya risasi. Akaenda. Mwaisha hakumwita arudi.

Kijijini hakuna aliyekuwa na hamu ya karatasi. Wanaume walikutana barazani kwa Mwinjuma, ambaye sasa alikaa nyuma badala ya mbele, na mazungumzo yakazunguka yakirudi palepale. Yunusi ndiye aliyelisema: "Tungetia alama kama vipofu, angalau shule ingebaki."

"Na bonde?" aliuliza Mwaisha kutoka mlangoni.

"Bonde lilikwenda siku tulipokula mbuzi wa kwanza. Tulichokipata sisi kwa kusomewa ni kujua tu. Kujua kunashibisha?"

"Mimi mwenzenu nilikula mapaja," alisema Dadi polepole, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyejua kama ni utani.

Wanawake nao walikuwa na lao. Hidaya hakurudi. Hakuna kungwi mwingine aliyekubali kushika mahali pake, na walipopita kwa Mwaisha waligeuza uso, wasije wakaulizwa ngoma ya Pili itachezwa lini. Mwali aliyewasemea wanaume hana ngoma. Pili alibaki ndani bila mtu wa kumfunda wala wa kumtoa.

Basi Mwaisha akaingia na zile karatasi mbili.

"Andika," alisema. "Waandikie wale wa hema, Kingolwira. Sema alama si zetu. Sema ngoto si bei. Eleza ngoto ni nini, wao wageni."

"Nieleze vipi, bibi?"

Mwaisha alifikiri. "Sema ni kama shikamoo. Mtu akikuamkia shikamoo ukaitikia, hujamuuzia umri wako."

Pili akaandika kwenye ufa wa jua siku mbili. Aliharibu karatasi moja. Ya pili ilitoka safi.

*

Mpaka Kingolwira ni mwendo wa siku nzima na kipande cha ya pili. Mwaisha alikwenda peke yake na viazi vya kuchoma, barua ameifunga kwenye upindo wa kaniki, upande wa kifuani. Hema lilikuwa ng'ambo ya reli. Alikuta watu wengine wamekaa nje, kila mmoja na lake, akakaa nao. Siku ya kwanza mzungu hakutoka. Siku ya pili gari moshi lilileta masanduku, kazi ikawa masanduku. Karani aliyekaa mlangoni mwa hema alimwambia arudi mwezi ujao.

"Nitakaa hapahapa mwezi uje," alisema Mwaisha.

Siku ya tatu karani alimhurumia au alimchoka. Akachukua barua, akaifungua, akainua nyusi. Akaingia nayo ndani. Mwaisha alimwona mzungu kupitia pazia, mzee mwenye ndevu za mvi. Aliiangalia barua muda mrefu. Aliiinua kwenye mwanga. Kisha akatabasamu, na Mwaisha akasogea karibu na pazia.

"Bwana anauliza," alisema karani, "hii kaandika nani?"

Mbele ya akida Mwaisha alikuwa amelificha jina la Pili kwa mwili wake. Lakini mzungu huyu alikuwa akitabasamu, na miguu ya Mwaisha ilikuwa imevimba, na kwa siku zote zile hakuna mtu hata mmoja aliyemtamkia mjukuu wake neno jema.

"Mjukuu wangu," alisema Mwaisha. "Pili binti Mosi. Mtoto wa kike, yatima. Amesoma kwenye magogo."

Karani akatafsiri. Mzungu akashangaa, akasema maneno mengi, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Bwana anasema mwandiko mzuri sana. Hajaona mwandiko wa mtu mweusi uliosimama hivi."

"Na maneno yake?"

"Utapewa majibu."

Akapewa bahasha yenye lakiri nyekundu. Hakuna mtu wa Mlangano aliyewahi kupewa bahasha yenye lakiri. Aliibeba njia nzima mkononi, maana kifuani jasho lingeilowesha. Mvua ilipomkuta kabla ya Mkuyuni alijificha chini ya ukingo wa nyumba ya watu, akaikumbatia kama mtoto mchanga, akawaambia wenye nyumba bila kuulizwa: "Ni majibu ya bonde letu."

Alifika saa nne asubuhi. Hakupita kwa Mwinjuma. Aliingia moja kwa moja chumba cha nyuma, akavunja lakiri mwenyewe, akaiweka karatasi kwenye mstari wa jua, akakaa.

Pili akasoma. Safari hii hakunong'ona, hapakuwa na mtu nje.

"*Malalamiko ya wazee wa Mlangano yamefika. Karatasi ya mauzo imeonekana, ina alama sita. Bonde ni la Bwana mwenye shamba. Wenyeji waondoke kama walivyokubali, wasisumbue tena ofisi.*"

Mwaisha aliitazama karatasi. Hakujua herufi hata moja, lakini macho alikuwa nayo. Sauti ya Pili ilikuwa imekoma, na kidole chake kilikuwa katikati ya karatasi.

"Chini hapo kuna mistari mingine miwili," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Ni ya nani?"

"Ni yangu," alisema Pili.

Nje kuku walikuwa wakiparura. Mwaisha aliinua mkono aseme acha, usisome, akaushusha.

"*Aliyeandika barua hii, Pili binti Mosi, afike shambani siku ya Jumatatu. Atakuwa karani wa kuandika majina ya watoto wa mpira na siku zao za kazi. Asipofika, atakujiwa.*"

Pili akaikunja karatasi palepale ilipokunjwa kwanza.

"Leo siku gani, bibi?"

"Jumamosi."

Mwaisha alisimama. Alitafuta chupa ya mafuta ya nyonyo, akakuta yamebaki ya kupaka kichwa tu. Kumpaka mwali na kumtoa ilikuwa kazi ya kungwi, na ya wanawake wa ukoo wakiimba. Akajimiminia kiganjani yote, akampaka mjukuu wake kichwani, usoni, shingoni, taratibu, asiache mahali. Kisha akaufungua mlango wa nyuma, mchana, bila ngoma, akamwambia atoke ajizoeze macho, kwa sababu aliyekaa gizani miezi hawezi kuandika juani siku ya kwanza.

Pili akasimama kizingitini, mkono usoni. Bondeni, kwa upande wa shule, watoto walikuwa wamepangwa mstari chini ya miti ya mpira, na aliwatambua wote kwa majina.